Kwa nini mashabiki wanamtengenezea Joker mfululizo, Batman wanamwacha?

#1 Mzee wa Flashi
Wakuu, salamu.

Juzi nasafisha diski ngumu ya zamani, nikakuta folda nimeiandika KICHAA. Ndani kuna vipande vya The Joker Blogs. Kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo: huo ni mfululizo wa YouTube uliotengenezwa na mashabiki, ulianza 2008, mwaka uleule ilipotoka The Dark Knight, ile filamu ya Batman ambamo adui yake ni Joker. Hadithi inaanzia filamu ilipoishia. Joker kashakamatwa, yuko Arkham, ile hospitali ya vichaa ya Gotham, na daktari Harleen Quinzel anamrekodi kwenye vikao vya matibabu. Mtu, kiti, ukuta. Nimekaa kuangalia kimoja tu, nikaangalia vinne, maji ya chai jikoni yakakauka na sufuria ikaungua.

Sasa swali. Sisi tuliokulia kibanda umiza tunajua stelingi ndiye muvi yenyewe. Stelingi hafi. Tukitoka pale tunaenda kucheza, hakuna anayekubali kuwa adui, mpaka abebeshwe mtoto mdogo ambaye hana wa kumtetea. Iweje mashabiki wakishika kamera wao wenyewe wanamkimbilia adui? Batman ana gari, ana pango, ana hela ya urithi. Mbona hatukuona mfululizo wa Batman uliotikisa namna ile?

Karibuni.

#2 Kiranja Mstaafu
Umejijibu mwenyewe. "Batman ana gari." Wewe una gari?

#3 MsomajiTu
Nimechukua siti ya dirishani.

#4 Dokta Mbishi
Kiranja anarahisisha. Suala si gari, ni msiba. Heath Ledger, aliyemwigiza Joker, alifariki wakati wanashuti ile filamu, dunia nzima ikabaki na kiu. Jukumu lenyewe ndilo lililomuua, alijifungia hotelini mpaka akachanganyikiwa. Halafu akawa mwigizaji wa kwanza kupewa Oscar akiwa kaburini. Mtu wa aina hiyo akiondoka, mashabiki wanamfufua kwa mikono yao. Mfululizo ule ni matanga, wakuu.

#5 Binti Pwani
Dokta, taratibu kaka yangu, umeteleza mara tatu ndani ya aya moja.

Ledger hakufa wakati wanashuti. Walishamaliza mwishoni mwa 2007, yeye kafariki tarehe 22 Januari 2008, New York, filamu iko kwa wahariri. Kazi aliyokuwa nayo mkononi siku hizo ilikuwa The Imaginarium of Doctor Parnassus, ndiyo maana Johnny Depp, Jude Law na Colin Farrell wakaitwa kuimalizia nafasi yake. Chanzo cha kifo kilitangazwa: mchanganyiko wa dawa za hospitali, bahati mbaya. Hayo ya jukumu kumuua ni hadithi za vijiweni.

Na Oscar ya kaburini, wa kwanza kwa waigizaji ni Peter Finch, 1977. Ledger kaipata Februari 2009.

Hilo la matanga sikukatalii.

#6 Kiranja Mstaafu
Dokta kapigwa mabao matatu kabla ya mapumziko.

#7 Dokta Mbishi
Nimeyapokea, asante dada. Ila hoja yangu haijaguswa. Filamu inakwisha Joker kaning'inizwa kichwa chini, anacheka, yuko hai. Watu wakasubiri. Ikaja ya 2012, hajatajwa hata kwa jina, na mwongozaji akasema ni kwa heshima ya marehemu. Yaani mlango uliachwa wazi na hakuna aliyepita. Mashabiki walikuwa wameshapita miaka minne nyuma.

#8 Fundi Kamera
Mimi niseme kama mtu wa kazi hii, harusi na vipaimara ndivyo vinavyonilisha.

Angalieni ndani ya filamu yenyewe. Kuna ile sehemu Joker amemteka yule mtu aliyevaa mavazi ya kuiga Batman, anamrekodi, kamera inatikisika, picha chafu, sauti inapasuka. Kamera kaishika Joker. Na inasimuliwa kwamba Ledger mwenyewe aliachiwa kuziongoza zile rekodi. Kwa hiyo filamu ya mamilioni ya dola imekuonyesha kwamba huyu mtu, sura yake halali, ni kamera mbovu ya mkononi. Ukichukua kamera ya nyumbani ukamshuti Batman, utaonekana maskini. Ukimshuti Joker kwa kamera ileile, utaonekana umefuata maelekezo.

Pili, YouTube ya wakati ule ilikuwa haipokei video inayozidi dakika 10. Kizuizi kiliwekwa 2006 na kikalegezwa hadi dakika 15 Julai 2010. Ndani ya dakika 10 utafanya nini na Batman? Akivaa tu zimekwisha. Lakini kikao cha mgonjwa na daktari kinatosha kabisa. Kikiisha, unafungua kingine kesho.

#9 Mzee wa Flashi
Fundi, hapo kwenye dakika 10 umenirudisha Kariakoo.

Hizo dakika 10 mimi nilikuwa nazilipia kwa nusu saa za intaneti kafe. Unafungua video, kile kiduara kinazunguka. Unasimamisha, unaacha mstari wa kijivu utembee, unasoma barua pepe. Unarudi, umefika dakika ya tatu. Unaangalia hizo tatu. Joker analamba midomo, ananyanyua kichwa, anataka kusema neno, na kompyuta inaandika MUDA WAKO UMEKWISHA. Kuna kipande nilikimaliza kwa siku tatu. Vijana wa leo hawajui kwamba kabla ya Julai 2009, waya wa intaneti wa baharini wa Seacom ulipotia nanga Dar na Mombasa, sisi tulikuwa tunapata intaneti kwa setilaiti.

Mhudumu wa pale alinizoea mpaka akaniuliza, "Yule mgonjwa wako anaendeleaje?"

#10 Shemeji wa Likoni
Hahaha. Hata huku Mombasa ilikuwa hivyohivyo, tena mwenye saiba akiona unatazama video anakuja kukusimamia mgongoni, eti unamalizia wenzako laini.

Lakini jamani mada ina kasoro. Batman anatengenezewa sana na mashabiki. Batman: Dead End ya Sandy Collora, 2003, ilionyeshwa kwenye Comic-Con, tamasha la komiki la San Diego, watu wakapagawa. Grayson ya 2004 ni trela la filamu ambayo haikuwahi kuwepo, na ni ya Robin, msaidizi wa Batman. Mleta uzi hakutafuta vizuri.

#11 Binti Pwani
Shemeji, hizo zote ni filamu fupi au trela. Mwenzio kauliza mfululizo. Dead End haifiki hata dakika kumi. Na tena ndani yake nani anafungua maneno pale uchochoroni? Joker. Batman kamkuta yeye kwanza.

#12 Shemeji wa Likoni
Yaani hata kwenye shughuli ya mwenyewe kapokelewa na adui. Nimenyamaza.

#13 Kiranja Mstaafu
Narudi palepale. Gari. Ile Dead End inasemekana iligharimu kama dola 30,000, kwa dakika nane. Sasa nipigieni hesabu ya Joker.

#14 Fundi Kamera
Hesabu ninayo, maana nimewahi kumtengeneza. Nilitaka nisiseme.

2013, Morogoro, likizo ndefu baada ya kidato cha nne. Tulikuwa watano na simu moja yenye kamera nzuri. Mimi nikawa Joker kwa sababu simu ilikuwa yangu na hakuna aliyethubutu kupinga.

Uso: poda ya mtoto tumeikoroga na mafuta ya mgando. Macho: wanja wa dada. Mdomo: lipstiki ya dada huyohuyo, hakuombwa. Makovu ya mashavuni: gundi ya karatasi, unaipaka, unaivuta ngozi na kidole mpaka ikauke. Nywele: rangi ya chakula ya kijani. Mto wangu ulibaki na ramani ya kijani, na hata masika hayakuiondoa. Koti la zambarau ndilo lililotusumbua, duka gani Morogoro lina koti la zambarau la mwanamume? Nikakumbuka mama mkubwa anaimba kwaya, sare yao ni zambarau, vazi refu lenye kola nyeupe. Nikaliazima, nikasema nakwenda kulipigia picha.

Arkham ilikuwa stoo ya mahindi. Taa moja ya kuning'inia. Kufikia dakika ya nne joto la taa limeyeyusha mafuta, poda inashuka na jasho, wanja umeingia machoni, mimi nalia kweli. Vijana wakasema usifute, hapohapo, endelea. Ndicho kipande bora kuliko vyote tulivyofanya.

Jumla ya gharama: betri za tochi, na soda ya dada baada ya kugundua lipstiki.

#15 MsomajiTu
Vazi la kwaya 😂😂😂

#16 Kiranja Mstaafu
Nimeshinda kesi. Soda moja dhidi ya dola 30,000.

#17 Nyota ya Asubuhi
Fundi, na kwaya waliona?

#18 Fundi Kamera
Katibu wa kwaya aliona. Tuliyamaliza kifamilia.

#19 Binti Pwani
Hiyo mekapu iliyoyeyuka ndiyo yenyewe. Ledger inasemekana alianza kwa kujipaka mwenyewe kwa vipodozi vya dukani, ili ionekane kazi ya mtu asiye na kioo. Ukikosea, umepatia. Hata ile tabia ya kulamba midomo wanasema ilianza kwa sababu makovu ya bandia yalikuwa yanalegea. Na kabla yake, Cesar Romero kwenye tamthilia ya 1966 alikataa kunyoa masharubu, wakampaka rangi nyeupe juu ya masharubu. Ukisogea karibu na skrini unayaona. Hilo pia lilipita.

Batman akikosewa kofia kidogo tu, watoto wanacheka.

#20 Mla Ndizi
Ninyi wote mnaongelea poda na gari. Mimi naona jibu liko kwenye makovu, na simaanishi gundi.

Joker anasimulia habari ya makovu yake mara mbili kwenye ile filamu. Kwa yule mkuu wa genge anasema ni baba yake. Kwa Rachel, yule mwanamke anayependwa na Batman, anasema ni kwa ajili ya mkewe. Anataka kumwambia na Batman, anakatizwa. Kwa hiyo hatujui. Komiki ya The Killing Joke ya 1988 ilishaligusa hilo, kwamba hata yeye mwenyewe maisha yake ya nyuma anayakumbuka kila siku kivingine. Ukimwandikia Batman, mashabiki watakushika: wazazi walikufa hivi, uchochoro ule, lulu zile. Kila kitu kina tarehe. Ukimwandikia Joker, nani atakukosoa? Ukikosea, unasema alidanganya.

Huyo ni mhusika aliyekuja na ruhusa mfukoni.

#21 Dokta Mbishi
Hii ya Mla Ndizi ni nzito. Lakini haielezi kwa nini wimbi lilikuja 2008 na si 1988.

#22 Mla Ndizi
1988 ungepandisha wapi video, kwenye bati?

#23 Nyota ya Asubuhi
Na mimi naomba kuwatetea akina dada. Mnamtaja Joker tu, mnamsahau aliyeshika kamera. Bila Harleen hakuna mfululizo. Mtu akiongea peke yake dakika kumi unachoka. Unabaki kwa sababu kuna daktari mwenye akili zake, kila kikao anasogea kidogo, anajibu swali ambalo hakupaswa kulijibu, na wewe unajua mwisho wake atakuwa Harley Quinn, mpenzi wa Joker na mhalifu mwenzake. Unataka kumpigia kelele "Toka humo chumbani!" kama tunavyompigia dada anayerudi kwa yule bwana.

Na Harley hakuzaliwa kwenye komiki. Katungwa na Paul Dini na Bruce Timm kwa ajili ya katuni ya televisheni, Septemba 1992. Alikusudiwa awe mtu wa kipande kimoja tu, akapendwa.

#24 Shemeji wa Likoni
Dada Nyota umegusa. Mke wangu hatazami hizi muvi kabisa, lakini vikao vile alivitazama vyote nyuma ya bega langu. Kila kikiisha anasema, "Huyu daktari kwao hawana wazee?"

#25 Kipanga
Samahani naingilia. Sheria je? Haya mambo si wizi? Nauliza kwa sababu nilipandisha tafsiri yangu ya Kiswahili ya kipande cha filamu moja, dakika sita, sauti yangu, utani wangu, ikaondolewa ndani ya siku mbili na chaneli ikapewa onyo. Hawa wa Joker walipitaje?

#26 Binti Pwani
Kipanga, hakuna aliyewapa ruhusa. Wanavumiliwa, basi. Na kuvumiliwa hakuandikwi popote. Tofauti yako na wao: wewe ulitumia picha za filamu yenyewe, mashine inazitambua. Wao walishuti kila kitu upya, wakaazima mhusika tu. Kwa sheria bado mhusika ni mali ya mtu, lakini mwenye mali huangalia: hii inanitangaza au inanila?

Inakula lini? Ikiingia hela. Wale mashabiki wa Star Trek, ile hadithi ya safari za anga za juu, waliotaka kutengeneza filamu yao Axanar walichangisha zaidi ya dola milioni moja, wakashtakiwa na wenye mali, Paramount na CBS, Desemba 2015. Wakapatana Januari 2017. Katikati hapo, 2016, zikatoka kanuni za filamu za mashabiki wa Star Trek: kipande kisizidi dakika 15, visizidi viwili kwa hadithi moja, michango isizidi dola 50,000. Yaani mfululizo mrefu umekatazwa moja kwa moja.

Kwa Joker mwenyewe kuna The People's Joker ya Vera Drew. Toronto 2022 ilionyeshwa mara moja kwenye tamasha, maonyesho yaliyobaki yakafutwa baada ya barua ya Warner, kampuni yenye Batman. Ikaja kuingia kumbi za Marekani 2024.

#27 Kiranja Mstaafu
Kwa hiyo umaskini ndio kinga. Soda moja haitishi kampuni yoyote. Kesi nimeshinda mara ya pili.

#28 Dokta Mbishi
Subirini tu, hakimiliki ya Joker inakwisha 2034, kila mtu atajipaka poda.

#29 Binti Pwani
2034 ni Superman, Dokta. Marekani kazi za miaka hiyo zinalindwa miaka 95, zinaachiwa Januari inayofuata. Superman 1938, kwa hiyo 2034. Batman 1939, 2035. Joker katoka kwenye Batman namba 1 ya 1940, hesabu inaangukia 2036. Na atakayeachiwa ni Joker wa 1940 tu. Makovu ya 2008 hayamo. Harley wa 1992 mtamngoja 2088, nanyi mtakuwa mmeshapumzika.

#30 Dokta Mbishi
Huyu dada ananifuatilia.

#31 Mchungaji wa Mbuzi
Nimechelewa, mvua. Nimesoma kurasa zote.

Mnasema wizi, mnasema ruhusa. Huyo Joker mwenyewe katoka wapi? Sura yake ni ya Conrad Veidt, mwigizaji wa filamu ya kimya ya 1928, The Man Who Laughs, mtu aliyechanwa mdomo ukabaki unacheka. Filamu hiyo nayo ilitoka kwenye riwaya ya Victor Hugo ya 1869. Vijana watatu wa komiki, Bob Kane, Bill Finger na Jerry Robinson, kila mmoja na maelezo yake: Robinson anasema alianza yeye na karata ya kuchezea, Kane anasema Finger ndiye aliyeleta picha ya Veidt. Wote wamekufa bila kupatana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni kazi ya watu walioona uso kwenye skrini wakaupenda, wakauchora upya. Wale wa 2008 wameendeleza tu.

Na Kipanga, usijisikie mnyonge. Enzi za kanda, Lufufu alikuwa anaitafsiri filamu, anaongeza yake ambayo mwenye filamu hakuwahi kuyasema. Tulikuwa tunaenda kumsikiliza Lufufu, filamu yenyewe baadaye.

#32 Mzee wa Flashi
Mchungaji!! Kwa kweli huo nao ulikuwa ufundi wa shabiki.

#33 Shemeji wa Likoni
Na huku kwetu Kenya mtafsiri ni DJ Afro. Mtu anatazama filamu ya Kihindi, anatoka akidhani yule stelingi kazaliwa Kayole, Nairobi.

#34 Dokta Mbishi
Tunatoka nje ya mada. Lufufu alikuwa anauza.

#35 Mchungaji wa Mbuzi
Kane naye aliuza.

#36 Nyota ya Asubuhi
Naomba niulize jambo ambalo wote mmelikwepa. Kwa nini mifululizo hii haimaliziki? Kila ninayoifuata inakatika katikati. Mwenye duka akivumilia, soda ikiwepo, mhusika akiwa na ruhusa mfukoni, bado inakatika.

#37 Fundi Kamera
Nyota, hiyo naijua.

Sisi tulipanga vipande sita. Daktari wetu alikuwa binamu, anaitikia nyuma ya kamera, sauti tu. Kipande cha tatu kimekwisha, matokeo ya kidato cha nne yakatoka, akapangiwa shule ya bweni Songea. Tukajaribu kumtumia mwingine, sauti nyembamba, haikuwa yeye. Tukasema tutasubiri likizo. Likizo ya kwanza alirudi kavunja sauti, anaongea kama konda. Maana binamu ni wa kiume, sikuwaambia. Harleen wetu alikuwa mvulana.

Ikaishia hapo. Hakuna aliyetukataza.

#38 Kiranja Mstaafu
Subiri, subiri. Kidato cha nne sauti ilikuwa bado haijavunjika?

#39 Fundi Kamera
Kwao wanachelewa.

#40 Nyota ya Asubuhi
Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

#41 Mla Ndizi
Mimi bado nasimama na makovu. Mhusika asiye na tarehe ya kuzaliwa.

#42 Kiranja Mstaafu
Gari.

#43 Dokta Mbishi
Matanga. Na dada Pwani kabla hujanirekebisha, hapo hakuna mwaka.

#44 Binti Pwani
😂 Leo umepita.

#45 Kipanga
Fundi, vile vipande vitatu viko wapi? Tupia hapa.

#46 Fundi Kamera
Cha kwanza kilikufa na simu. Cha pili kina katibu wa kwaya anapita nyuma, siwezi. Cha tatu ninacho, ndicho kile cha poda kuyeyuka. Bando la usiku likianza nakipandisha. Mama mkubwa akiliona vazi, mimi sijui kitu.

#47 Mzee wa Flashi
Tunasubiri. Na kwa aliyeniuliza inboksi: sufuria nimeisugua kwa mchanga, imekubali nusu.

#48 MsomajiTu
Siti ya dirishani bado yangu, mtu asikalie.